Sanduku la Kobe Lisilokauka

Kila asubuhi nilipompelekea babu uji, aliniuliza swali moja.

"Amekula?"

Aliuliza habari za kobe. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na sehemu kubwa ya maneno, na yale yaliyobaki aliyatumia kwa ubahili. Nikimwamkia "ugonile" aliitikia kwa macho. Nikimaliza kumwogesha alisema "ndaga", yaani asante, mara nyingine bila sauti, midomo tu. Lakini "amekula" ilitoka nzima, kama vile mdomo ulikuwa umeiweka pembeni kabla ya ugonjwa kufika.

Kobe huyo babu alimwokota kwenye shamba lake la kakao kule Busale, baba yangu akiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Baba alishakufa. Kobe alikuwepo. Afisa wanyamapori mmoja aliwahi kupita akamwandikia babu barua ya kumruhusu kumtunza, na babu akaihifadhi ndani ya Biblia. Niliporudi kutoka chuoni niliitoa nikaisoma mara tatu nikitafuta tarehe ya mwisho wa ruhusa. Sikuiona. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikaa wiki nzima nikijiuliza kama kukosekana kwa tarehe kunamaanisha barua haina mwisho au haina nguvu.

Nilisomea ualimu wa biolojia. Nilipomaliza nilirudi nyumbani Ipinda, wilayani Kyela, kusubiri ajira, na kwa kuwa sikuwa na kazi, kazi ya babu ikawa yangu. Haikuwa na mtu mwingine. Mama ndiye aliyepika na kufua, lakini hakuweza kuingia chumbani kwake. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani ana kwa ana wala hawazungumzi. Siku hizi wengi wameiacha mila hiyo. Mama ni Mkisi, kabila la wafinyanzi wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, aliikuta ndoani, na aliishika kuliko wenyewe. Aliishi ua mmoja na babu tangu kabla sijazaliwa bila kukaa naye chumba kimoja. Babu akitoka nje, mama alijifunika khanga na kugeukia ukuta. Akitaka kujua mzee ameamkaje, aliniuliza mimi. Mzee akitaka chumvi zaidi kwenye mboga, aliniambia mimi. Nilikuwa mlango kati yao, na mlango wenyewe ni mtu anayefikiria sana kabla ya kufunguka.

Miaka yote kobe alilala kwenye zizi dogo la matofali nyuma ya jiko. Masika yakifika, maji ya mtoni yakipanda hadi uani, babu alimhamishia chumbani kwake, akamtandikia majani ya mpunga chini ya kitanda na kumsafisha kwa mikono yake. Sasa mkono ulikuwa mmoja. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameniambia chumba cha mgonjwa kiwe kikavu na kisafi, asiingizwe mnyama. Nilimweleza babu kwa uangalifu mwingi, nikizunguka sana. Alinitazama hadi nikamaliza.

"Nitamjengea sanduku," nikasema. "La mbao, lenye miguu mirefu. Litakaa barazani. Maji hayatamfikia."

Alifunga macho kukusanya nguvu. Kisha akasema maneno mengi kuliko ya wiki nzima.

"Wewe umesoma, mume mwenzangu. Nakuachia."

Mume mwenzangu ndilo jina aliloniita tangu utotoni, kwa utani wa babu na mjukuu, bibi akiwa bado hai. Nilitoka chumbani nikiwa nimebeba sinia na nikaikosea njia ya jikoni, katika nyumba niliyozaliwa.

Nilianza kusoma kwenye simu. Niligundua kwamba mbao tupu haifai. Mbao hunywa. Mkojo wa kobe ungeingia kwenye vinyweleo vyake, ukungu ungeota, na mapafu ya kobe ni dhaifu kuliko gamba linavyomdanganya mtu. Lazima mbao zizibwe kwa vanishi, na vanishi nayo ni sumu mpaka ikauke kabisa. Ipakwe nyembamba, ipigwe msasa, ipakwe tena, halafu isubiriwe siku nyingi hadi pua isinuse kitu. Nilimsomea mama sehemu hiyo akiwa anachambua usipa, dagaa wa ziwani.

"Kwetu ziwani chungu ukishakichoma kimemaliza," akasema. "Mti haumalizi kunywa. Ndiyo maana mitumbwi inazama."

"Mama, siwezi kumweka kobe kwenye chungu."

"Sijasema umweke. Nimesema mti haumalizi kunywa."

Fundi seremala wa pale sokoni alitengeneza milango, vitanda na majeneza, kwa mpangilio huo wa heshima kutoka mbele ya banda hadi nyuma. Nilimkuta akipiga randa na wenzake wawili wakipiga soga.

"Sanduku la nini?"

"La kobe."

Akaacha randa. "Kobe si amezaliwa na nyumba yake? Sisi ndio tunahangaika na viwanja." Wenzake wakacheka.

"Ni kobe wa babu yangu. Masika yanakuja."

"Wa mzee?" Uso wake ukabadilika. "Ungeanza na hilo, mwanangu. Mzee yule alinipa mti wangu wa kwanza wa kupasua. Nitalitengeneza kama namtengenezea yeye mwenyewe."

Nilitazama majeneza yaliyokuwa nyuma yake na sikuipenda sentensi hiyo. Nikatoa karatasi. Nilikuwa nimeandika maswali kumi na moja. Nilimuuliza mbao ni ya mti gani na imekauka kwa muda gani. Nilimuuliza kuhusu gundi, kuhusu misumari kama itashika kutu, kuhusu upana wa nyufa za hewa. Alijibu yote kwa subira, akitabasamu kidogo, na mwisho akasema, "Mwalimu, wewe nenda nyumbani. Hili litaishi kuliko mimi."

Lilifika baada ya siku nne juu ya guta, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Lilikuwa zuri, zito, rangi ya kahawia iliyoiva, karibu nyeusi. Nilifurahi. Nilidhani amenichagulia kiini cha mti kwa ajili ya babu. Lilinuka kidogo mafuta ya gari. Nilidhani ni guta.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi niliulizia vanishi ya maji, ile isiyo na harufu kali. Muuzaji alisema labda Mbeya. Nilifikiria safari ya Mbeya siku mbili nzima, nikapima barabara, mvua na nani angemwogesha babu, kisha nikarudi kununua iliyokuwepo, vanishi ya kawaida ya vitanda. Nilijifariji kwamba kinachodhuru ni kukosa subira, na subira ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho kwa wingi.

Nikapaka mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza. Kopo lilisema saa ishirini na nne. Baada ya siku mbili niligusa ubao wa chini, kidole kikaacha alama yake pale, mistari yote, kama nimeweka dole gumba kwenye fomu. Nilingoja siku ya tatu, ya nne. Bado. Nikailaumu hewa. Kyela hata chumvi kwenye kopo haikauki miezi hiyo, sembuse vanishi. Nikajaribu msasa, ukajaa ute mara moja. Nilifungua simu tena, nikasoma kwamba penye unyevu mtu aongeze siku. Nikaongeza. Niliinamisha kichwa ndani ya sanduku asubuhi, mchana na jioni.

"Unanusa kama mbwa aliyesahau alipozika mfupa," mama akasema.

"Nataka kuhakikisha."

"Tangu umerudi unahakikisha. Kuna siku utahakikisha kama umeamka."

Siku ya nane nikapaka mkono wa pili, mwembamba sana, nikiamini wa juu utaufunika wa chini na vyote vitakauka pamoja. Sijui niliutoa wapi ujinga huo. Juu paling'aa. Ukibonyeza, chini palikuwa laini kama ugali usioiva.

Halafu mvua ikaja, mapema kuliko nilivyotegemea, siku tatu bila kupumzika. Maji yakaingia kwenye zizi la matofali. Nilimkuta kobe amepanda juu ya tofali moja, miguu ya mbele ikiwa kavu na ya nyuma majini. Nikamchukua nikamweka kwenye beseni jikoni, mahali pekee palipokuwa na joto. Jiko letu ni la mafiga na kuni zilikuwa mbichi. Moshi ulijaa hadi sakafuni.

"Amekula?" babu akauliza.

"Amekula," nikasema, na ilikuwa kweli. Alikula ganda la papai.

Siku ya nne jikoni, kobe alianza kutoa mapovu puani. Madogo, yanayotokea na kupasuka. Nilijua ni homa ya mapafu. Nilikuwa nimesoma. Nikasimama barazani kati ya beseni na sanduku. Moshi ulikuwa unamuua kwa hakika, vanishi ingemuua labda. Nilipima hivyo tangu asubuhi hadi mama alipomaliza kutwanga, na kila nilipofikia uamuzi nilipata sababu ya kuurudisha. Mwishowe nilimweka kwenye sanduku, juu ya magazeti na majani mengi ya mpunga, nikaacha mfuniko wazi.

Kesho yake majani yalikuwa yamegandia chini. Nilimwinua. Magazeti yakainuka naye. Nilipoyabandua niliona tumbo la gamba lake, lile la manjano babu alilokuwa akilisugua kwa kitambaa, limekuwa jeusi. Si rangi ya vanishi. Nililigusa, nikasugua vidole, nikavinusa. Mafuta ya gari. Na guta lilikuwa limeondoka wiki tatu nyuma.

Nilikwenda sokoni kwenye mvua bila mwavuli.

"Uliipaka nini ile mbao?"

Fundi alinishangaa. "Oili."

"Oili gani?"

"Oili chafu, mwanangu. Ya magari. Niliipaka mara mbili, ndani na nje, ikanywa vizuri." Alisema kwa fahari, kama mtu anayekumbushwa wema wake. "Hapa Kyela nani anatoa mbao bila oili? Sanduku lingeliwa na mchwa kabla ya Pasaka. Nguzo za nyumba ya babu yako zote zina oili, alizipaka mwenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza misumari," akasema taratibu. "Uliuliza gundi. Nikajua mtu anayejua mpaka gundi, oili anaijua."

Kila mtu wa hapa anaijua. Nimekua nikiiona kwenye nguzo za uzio, kwenye miguu ya vichanja vya kuanikia kakao, kwenye kuta za banda la nguruwe. Nilipoenda kusoma nikajifunza jinsi utando wa seli unavyopitisha maji, nikarudi nikiwa siwezi kutambua mbao iliyopakwa oili. Vanishi haishiki juu yake. Isingekauka masika hayo wala yanayofuata. Nilikuwa nimengoja kitu ambacho hakikuwa njiani.

Nilimwosha kobe kwa sabuni ya mche na maji ya uvuguvugu. Nilimhamishia chumbani kwangu, ambako nilikuwa nimekukwepa kwa sababu ya baridi, nikatandika turubai juu ya saruji. Bwana mifugo alikuja kwa heshima ya babu. Alimgeuza, akamrudisha.

"Mimi nimesomea ng'ombe," akasema. "Na nguruwe kidogo. Huyu kwangu ni jiwe linalopumua."

Aliniachia chupa ya vitamini. Kobe hakufungua mdomo. Macho yake yalivimba yakajifunga. Nilikaa naye mchana kutwa nikimpelekea ndizi puani, na kila asubuhi nilikwenda kwa babu na sinia.

"Amekula?"

"Amekula."

Siku hizo jibu hilo lilikuwa limeshakuwa uongo. Nilijiambia kwamba ni uongo wa muda, kwamba atakula kesho, na sentensi itakuwa kweli kwa kurudi nyuma.

Sijui alikufa lini. Kobe mgonjwa na kobe mfu hawatofautiani kwa mtu anayetaka kuwa na hakika. Nilimgusa mguu, sikuona kitu. Nilisoma kwamba wanaweza kupunguza mapigo ya moyo hadi yasisikike. Nikaweka kioo puani. Nikadhani nimeona ukungu, nikakumbuka kwamba Kyela kila kioo kina ukungu. Nilimwacha siku mbili kwenye turubai, nikimfunika usiku na kumfunua asubuhi. Mama alisimama mlangoni.

"Mwanangu," akasema. "Tazama chini."

Mstari wa siafu ulikuwa umetoka kwenye ufa wa ukuta, umepita kando ya kitanda changu, umefika kwake.

"Siafu hawakosei," akasema. Akaenda kuleta jembe.

Tulimzika nyuma ya jiko, pale zizi lilipokuwa. Maji yaliingia shimoni tukiwa bado tunachimba. Mama alitaka kujua kama nitamwambia mzee, nikasema ndiyo, kesho. Kesho yake babu aliuliza, nikajibu kama kawaida. Mara hii aliongeza jambo. Kwenye sinia alikuwa amebakiza nusu ya ndizi yake, akaisukuma kwangu kwa mkono wa kushoto.

"Mpe."

Tangu siku hiyo alimbakizia kila asubuhi. Nusu ya ndizi, mara nyingine kipande cha kiazi. Na mimi nilikwenda nacho nyuma ya jiko, nikasimama pale, na kwa kuwa sikuweza kukitupa nilikila. Nilifanya hivyo zaidi ya wiki mbili. Mifupa ya bega la babu ilianza kuonekana nilipomwogesha. Mama hakuwa anamwona, lakini aliona sinia nilipoipitisha kwenda nyuma ya jiko.

"Mzee hali," akasema. "Nusu inarudi."

"Hairudi. Anampa kobe."

Akaelewa, akakaa kwenye kigoda. "Ningekuwa naruhusiwa kuingia mle ningemwambia mimi."

"Ungesemaje?"

"Sijui. Mimi ni mkwe." Alikunja khanga magotini. "Wewe ni mjukuu. Umeachiwa."

Siku moja mvua ilikatika na babu akaomba kuketi mlangoni ajiote jua. Nilimkalisha. Alitazama uani, kisha akasema, "Sanduku. Nilione."

Sanduku lilikuwa barazani upande wa jiko, mbali na mlango wake. Lilikuwa zito. Mama alishika upande mmoja, mimi mwingine, tukalibeba hadi kwenye kona ya nyumba. Pale akasimama. Hatua moja zaidi na babu angemwona. Akaweka upande wake chini, akajifunika khanga, akageukia ukuta, nami nikaliburuta sehemu iliyobaki peke yangu, miguu ya sanduku ikichora mistari miwili kwenye tope. Nilikuwa nimeamua kwamba nitasema sanduku likishafika. Nilikuwa na sentensi. Nilikuwa nazo tatu, na nilikuwa bado sijachagua.

Babu hakuniangalia. Alinyosha mkono wa kushoto akaupitisha kwenye ubao wa chini, ambapo majani ya mpunga na manyoya ya kuku yalikuwa yamegandia. Akatazama vidole vyake. Akavipeleka puani.

"Oili," akasema.

"Ndiyo, babu."

Sentensi zangu tatu zilikuwa hapo, hakuna hata moja iliyotoka. Alikuwa mtu aliyepaka oili nguzo zote za nyumba ile. Hakuhitaji kusomewa. Aliendelea kuvisugua vidole vile, kidole gumba juu ya shahada, polepole, hadi nikaleta maji na sabuni nikavisafisha. Havikutakata vizuri.

Nilipozunguka kona mama alikuwa bado ameelekea ukutani.

"Amesema nini?" akauliza. Alikuwa umbali wa hatua nne na alikuwa amesikia. Lakini mkwe hasikii sauti ya baba mkwe mpaka aletewe.

"Amesema oili."

"Basi?"

"Basi."

Asubuhi iliyofuata nilimpelekea uji na ndizi. Nilisimama na sinia nikingoja swali, nikiwa nimejiandaa kujibu ukweli safari hii, kwa sababu ukweli sasa haukuwa na gharama. Hakuuliza. Alikunywa uji. Alikula nusu ya ndizi, nusu nyingine akaiacha pale pale kwenye sahani, upande wa kushoto, na hakuisukuma kwangu wala hakusema ni ya nani.

Siku zilizofuata pia hakuuliza. Neno lile lilikuwa limeondoka pamoja na mengine, na sikuweza kujua kama ni ugonjwa au ni yeye aliyeliweka chini. Nusu ilirudi jikoni kila siku, na mama aliipokea. Sanduku liko mpaka leo pale mlangoni kwake, kwa sababu hakuniambia niliondoe na mimi sikuuliza. Kuku wakilirukia huacha manyoya. Juzi nilibonyeza ubao wa chini kwa kidole, kisha nikakinyanyua na kutazama. Alama ilikuwa imebaki.